Uzi wa Jina la Kageha

Gatina, Kawangware
Jumapili, baada ya kanisa

Mama,

Nimekuita hivyo tangu ulipozaliwa, kwa sababu ulichukua jina la mama yangu, na sioni kwa nini niache leo eti kwa vile unaondoka kesho. Umetoka na mama yako kwenda Kibera kuwaaga watu wa Sarang'ombe, halafu mpitie soko la Toi mkatafute viatu vya mpira. Mmeniacha na cherehani, na senge yako Esta, dada yangu, anayelala upande ule wa pazia, na hii ovaroli ya bluu uliyotaka nikushonee jina juu ya mfuko wa kifua.

"Ruth Kageha, Baba. Yote mawili. Na usifanye ndogo."

Ulisema hivyo ukiwa mlangoni, ukacheka, ukaenda. Ovaroli iko hapa mezani. Sijashona kitu. Nimeona nikuandikie kwanza, kwa sababu mkono unatetemeka, na sindano haipendi mkono wa namna hiyo. Kalamu angalau inavumilia.

Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji ya kunywa, na ya wanaume wa kambi ya kazi, mama yako ameyasema wiki nzima mpaka wapangaji wote wa hii ploti wanayajua. Siyarudii. Mimi nataka kukuambia kitu ambacho baba haambii binti yake kwa mdomo. Ninaogopa.  Leo ngoma ilipopigwa kanisani nilisimama na wenzangu nikapiga makofi kama kawaida, lakini ndani hakukuwa na wimbo. Nilikuwa naona barabara tu. Mchungaji aliposema tuombe, nikafumba macho, na barabara ikawa bado iko pale.

Kama ingekuwa barabara nyingine ningeogopa kama baba yeyote. Lakini kampuni ya barabara inakupeleka kule juu, kwenye ile barabara inayopita mashamba ya senge yako, uchore vibao vyake vyote. Na siku ulipoonyeshwa ramani ulirudi nyumbani ukakaa kwenye kitanda cha senge, ukamwambia polepole, kama mtu anayeleta habari ya mgonjwa: "Senge, ile njia panda iko kwa sehemu yetu ya kazi."

 Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta mkasi.

Wacha niliandike hili jambo mara moja, kwa sababu humu ndani tunalizunguka kila siku na hatuligusi. Senge yako na mume wake Jotham walikuwa na shamba la mahindi huko, na walikaa na majirani wa lugha nyingine wakazoeana mpaka wakawa wanaazimana ng'ombe wa kulima. Ilipokuja ile miaka ya kuchomeana nyumba, walipanda lori la viazi pamoja na watu wengine wengi. Walipofika njia panda, walikuta kibao cha barabara kimepakwa lami. Majina ya miji yamefunikwa, meusi tii. Dereva hakuwa mtu wa huko. Akasimama, afikirie ni kulia au ni kushoto. Esta husema kwamba kama kibao kingesomeka dereva hangesimama, na kama hangesimama, wale vijana waliokuwa kwenye miti hawangewahi kufika barabarani. Wakauliza watu majina, mmoja mmoja. Wengine waliambiwa wakae. Jotham aliambiwa ashuke. Lori likaondolewa, na mara ya mwisho Esta kumwona mume wake alikuwa amesimama chini ya kile kibao cheusi, kofia mkononi, kama mtu aliyebisha hodi anangoja afunguliwe.

Hatukupata wa kuzika.

Siku Esta alipotueleza haya, wewe ulikuwa bado msichana wa shule, unaosha vikombe pale kwenye beseni. Sote tulikuwa tunalia. Wewe uliuliza swali moja tu: "Kwani ni nani huandika hivyo vibao?" Mama yako akakugombeza, ati hilo ni swali gani la kuuliza mtu aliyefiwa. Mimi sikukugombeza. Niliogopa tangu siku hiyo. Nilijua ni swali ambalo halitaisha.

Sasa nataka nirudi nyuma, kabla ya Gatina, tulipokuwa Sarang'ombe na wewe ukiwa mtoto wa kubebwa mabegani. Ile habari ya bendera unaijua jinsi watu wanavyoisimulia. Hujawahi kuisikia kutoka kwangu, na mimi ndiye niliyeishona.

Unajua kanisa letu haliwezi kukaa ndani ya nyumba. Jumapili lazima watu wavae kanzu nyeupe, wapige ngoma, watoke njiani na bendera mbele. Wakati ule tulikuwa Wamaragoli na Wajaluo, tumechanganyika katika chumba kimoja cha udongo, na tulisikilizana sana. Rafiki yangu alikuwa Baba Ouko, fundi wa viatu. Mimi nilishika nguzo ya kulia ya bendera, yeye ya kushoto. Tulikuwa tumezoea kutembea hivyo hata siku za kazi, mimi kulia, yeye kushoto, mpaka watu wa Toi walitutania: "Hawa wawili leo wameacha bendera wapi?"

Bendera ya zamani ilipochakaa, wazee wakanipa kitambaa kipya nishone nyingine. Nilikata herufi za kitambaa chekundu, nikazipanga vizuri, nikazishona. Na niliandika jina la kanisa na maneno yake yote kwa Kimaragoli peke yake. Watu waliponiuliza baadaye, nilisema kitambaa kilikuwa kidogo. Hakikuwa kidogo. Nilikuwa nimesikia minong'ono kwamba wenzetu wanaongezeka, kwamba tutamezwa, kwamba siku moja tutaimba kwa lugha ambayo mama zetu hawaijui. Mama yangu Kageha alikuwa amekufa mwaka huo huo. Nikaona nikiacha lugha yake itoke kwenye bendera, itakuwa kama nimemzika mara ya pili. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu, na wakati ule niliiita uaminifu.

Jumapili hiyo tulifungua bendera pale nje. Baba Ouko alishika nguzo yake, akainua kichwa, akasoma. Alisoma tena. Halafu akasema, bila kelele, "Baba Ruth, mimi nabeba barua ya nani hii?" Nikamwambia tuendelee kwanza, tutaongea jioni. Akaikita nguzo kwenye udongo, akairekebisha isianguke, akageuka akaenda nyumbani kwake. Nusu ya kanisa ikamfuata. Sisi tuliobaki tulitembea na bendera yenye nguzo moja mkononi, upande wa pili ukiburutwa kwa sababu hakuna aliyetaka kushika nguzo yake, mpaka herufi zangu zikajaa matope. Kabla ya mwisho wa mwaka kulikuwa na makanisa mawili kwenye kichochoro kimoja, na ngoma mbili zinashindana. Ndiyo maana tulihamia Kawangware. Nilikuambia ni kwa sababu ya wateja.

Mama, sikuandiki hivi ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu nimekaa na hii ovaroli tangu mtoke, na ninaijua hiyo hofu. Imekuja tena na sauti ile ile, sauti ya mtu mwenye hekima anayekutakia mema.

Tulipofika Gatina chumba chetu kilikuwa mabati matupu, na mchana kilikuwa kama tanuri. Nikaweka dari ya katoni za sabuni na za mafuta ya kupikia. Hapo ndipo ulipoanzisha nchi yako. Nafikiri ulikuwa na homa wiki hiyo, ulikuwa umelazwa chali huna la kutazama ila dari, na ulipopata nafuu ulipanda juu ya meza yangu na rangi ya kucha ya mama yako ukachora barabara kutoka juu ya mlango mpaka juu ya dirisha. Mama yako aliporudi akapiga kelele. "Nani amenivujia damu kwa nyumba?" Ukamwambia hiyo si damu, hiyo ni barabara kuu ya Bandulia.

Nchi ya Bandulia. Nikajua tu kwamba hatutalala chini ya hiyo dari kwa amani tena. Watoto wote wa ploti wakahamia huko. Yule mtoto wa mama wa mboga akapewa milima, watoto wa mlinzi wakapewa mto, wewe na wenzako mkakaa pwani ya ziwa ambalo hata halikuwa na jina. Kila kundi likatunga lugha yake: Kitolo, Kisembi, Kiwaru. Bado nakumbuka maneno kadhaa ya Kisembi, kwa sababu mlikuwa mnanitukana nayo mkidhani sielewi.

Halafu vikaja vibao. Ulianza kukata vipande vya katoni na kuvipaka rangi niliyokuletea kutoka kwa mwandishi wa vibao vya vinyozi. Na vita vikaanza, vita vya kweli, vya kurushiana matope: lugha gani itakaa juu? Ulikuja hapa kwenye cherehani, pua inavuja, ukaniuliza.

"Baba, kibao kikiwa na lugha tatu, gani inakaa juu?"

"Ya wenye mji," nikasema bila kuinua macho. "Wenyeji kwanza."

Ulisimama ukafikiria. Ukapangusa pua na kanzu ya mtu niliyokuwa nimemaliza kuipiga pasi.

"Lakini wenyeji si wanajua njia?"

Mguu wangu ulisimama kwenye kanyagio.  Ulirudi nje, na jioni hiyo nikasikia sheria mpya ikitangazwa karibu na bomba: katika Bandulia, lugha ya mgeni ndiyo inakaa juu, na lugha ya mwenyeji chini, kwa sababu mwenyeji ndiye hutoa kiti. Na herufi za lugha zote ziwe za ukubwa mmoja. Atakayefanya ya kwake kubwa anatolewa nchini mpaka kesho. Usiku ule uliniuliza kwa nini nakutazama badala ya kula.  Nilikuwa nafikiria bendera iliyoburutwa kwenye matope, na wewe hukujua lolote juu yake.

Halafu ukanifanya kichekesho cha mtaa mzima. Ulisema dereva wa lori hasimami kusoma, lazima asome akiwa mbali. Kwa hiyo ukanituma nisimame karibu na kioski, wewe ukiwa kwenye lango na kibao umekiinua juu ya kichwa.

"Baba! Umesoma?"

"Nimesoma ya juu tu!"

"Rudi nyuma tena!"

"Nikirudi nyuma naingia kwa mtaro!"

"Ingia!"

Mama wa mboga aliniuliza, "Fundi, leo unahubiri nini kwa hewa?" Nikamwambia naendesha lori kwenda Bandulia. Akasema nimpelekee huko mboga zake za sukuma. Lakini ulikuwa unaandika kila kitu kichwani. Ulibadilisha herufi, ukaacha nafasi zaidi kati yake, ukatoa urembo. Ukaweka ukanda mwembamba wa rangi mbele ya kila lugha, ili asiyejua kusoma naye amjue ndugu yake kwa rangi. Nilifurahi sana siku zile. Nakuambia ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama kusimama ndani ya mtaro nikisoma jina la mji usiokuwepo.

Esta alipofika na lile lori, aliwekwa kwenye kitanda chako, chini ya Bandulia. Wiki ile Baba Ouko alitokea mlangoni. Alikuwa ametembea kutoka Kibera, na alikuwa amebeba godoro kichwani. Miaka yote hiyo hatukuwa tumesemezana. Akasema, "Nimesikia dada amefika," akaingia, akaliweka chini, akaketi. Tulikunywa chai.  Wakati wa kumsindikiza, tulipofika barabarani, alizunguka akaja upande wangu wa kushoto kama zamani. Akasema, "Ile bendera yako ilikuwa imeshonwa vizuri sana. Shida yake ni kwamba haikuwa na mahali pangu pa kushika." Nikamwambia najua. Akacheka, akaniuliza kama bado napiga chafya nikinusa gundi ya viatu. Ndivyo tulivyopatana. Ilikuwa rahisi hivyo, na niliiogopa miaka yote ile.

Nashangaa, mama, jinsi vitu nilivyoviogopa sana vilivyokuwa vidogo nilipovifikia, na kile ambacho sikukiogopa kabisa, njia panda tu ya kawaida, kikammeza shemeji yangu. Kwa hiyo sijui tena kuogopa vizuri. Usiniulize ushauri wa hatari ni ipi. Mimi nimekosea pande zote mbili.

Kazi hii umeipata mwenyewe, na hilo pia linanitisha, kwa sababu sina mtu wa kumlaumu. Ulikwenda ofisini kwao umebeba vibao vya Bandulia kwapani kama mtu anayeuza trei. Ulipotuigizia jioni hiyo jinsi yule bosi alivyovigeuzageuza, mama yako alicheka mpaka akamwaga chai.

"Hii nchi iko wapi, msichana?"

"Barabara bado haijafika huko, sir."

Kwamba alicheka, kwamba alikuuliza kwa nini mgeni yuko juu, kwamba alikuandika kazi siku hiyo hiyo, yote hayo nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kimoyomoyo nilimwuliza kama hakuwa na barabara nyingine.

Sasa tuje kwa Jumatano. Tumepita humu ndani siku hizi tunasalimiana kama wageni kwa sababu ya Jumatano, na sitaki uondoke hivyo. Nilikuambia nitashona Ruth peke yake. Nilisema kwa upole, nilidhani. Nilisema Ruth ni jina zuri, ni la kila mtu, halina kwao. Nilisema ukifika huko waambie hivyo hivyo, Ruth kutoka Nairobi, basi. Mtu akiuliza la pili, mwambie la baba ni refu.

Ulikuwa unasuka nywele za jirani. Ulisimamisha mikono.

"Baba, kwa nchi yangu kila kibao kiko na jina la mahali. Hakuna kibao kimeandikwa tu 'Mahali.'"

"Hii si nchi yako," nikakujibu. "Hii ni nchi ya kweli. Huku watu wanasoma jina halafu wanaamua."

"Wacha waamue."

"Wewe hujui unalosema!"

"Na wewe hujui unaloshona!"

Yule jirani alibaki na nusu ya kichwa haijasukwa, maskini. Mama yako akaingia kati. Akaniambia mbele ya watu, "Wewe mzee, jina la mamako ulililia mwaka mzima, leo unataka kulitoa kwa mtoto kama tandu kwa kiatu?" Unajua ulimi wa mama yako. Nilichukua kofia nikaenda kuomba, na hata hayo maombi yalikuwa ya hasira.

Leo mlipoondoka nilifanya kitu cha ujanja. Nilichukua ovaroli nikavuka pazia nikamwendea Esta. Nilifikiri, huyu ndiye mtu mmoja atakayenielewa. Akisema Ruth peke yake, nitashona Ruth peke yake, na mtoto hatabishana na senge yake aliyeona aliyoyaona. Nikamwekea ovaroli magotini. Nikamweleza. Alipitisha kidole juu ya mfuko, pale pa jina.

"Jotham alivaa lile koti la kijivu," akasema. "Unalikumbuka? Uliloshona wewe."

"Nalikumbuka."

"Lilikuwa limeandikwa jina?"

Nikasema hapana.

"Waliuliza," akasema.

Akanirudishia ovaroli. Halafu akaniambia jambo ambalo hajawahi kutuambia: kwamba Jotham alipoulizwa alisema majina yake yote, lile la ubatizo, lile la babu, na lile la ukoo, kwa sauti ya mtu anayejibu hodi. Na kwamba kwa miaka hii yote, akiamka asubuhi, kitu kinachomwinua kitandani ni kuisikia ile sauti ikiyasema yote matatu. "Angesema moja," akaniambia, "ningekuwa nimebaki na moja." Kisha akajigeuza akatazama juu, kwenye Bandulia, na nikajua amemaliza.

Kwa hiyo nilirudi hapa mezani bila msaada niliokuwa nimeufuata. Na hapo ndipo nilipochukua kalamu.

Nimeandika mpaka hapa nikaiweka chini, nikashona, na sasa nimeirudia. Jua limeshuka, mwanga umebaki mlangoni tu, na nimesogeza kiti hapo. Nataka nikueleze nilichofanya, kwa sababu hutakiona kwa macho ukiivaa tu.

Jina ni Ruth Kageha. Yote mawili, uzi mweupe, herufi za ukubwa mmoja. Sikufanya ndogo. Nilirudi nyuma mpaka kwenye kioski nikiwa nimeiacha ovaroli inaning'inia langoni, nikaisoma kutoka kule. Mama wa mboga akauliza kama nimerudia udereva. Inasomeka.

Lakini Ruth nimeishona kwa mshono wa kurudi nyuma, ule ambao hata nguo ikioza herufi zitabaki. Kageha nimeishona kwa mshono wa mnyororo. Ulikaa chini ya hii meza utoto wako wote, kwa hiyo unajua mshono huo ulivyo: unapendeza, umenyooka, hauachi mwanya, na ukiupata mwisho wake ukavuta, unafunguka wote kwa uzi mmoja. Huo mwisho nimeupitisha ndani, nyuma ya mfuko, nikaufunga fundo dogo. Ingiza kidole utaligusa. Likifunguliwa na uzi ukavutwa, Kageha atatoka kabla lori halijasimama vizuri, na kitambaa hakitararuka, na hakuna atakayejua kulikuwa na jina.

Najua alichosema Esta. Najua uzi hauzuii swali. Watauliza tu, wakitaka kuuliza. Sijashona hivi kwa sababu nina akili. Nimeshona hivi kwa sababu mimi ni fundi, na fundi akiogopa hana pa kuipeleka hofu yake ila kwenye nguo. Safari ile niliipeleka kwenye bendera, mahali pa watu wote, nikawaamulia wote. Safari hii nimeificha ndani ya mfuko, na uamuzi nimeuacha kwenye kidole chako. Ni hapo tu nilipofika katika kujifunza. Mungu ataona kama panatosha.

Ukifika kwenye njia panda ile, sikuombi uombe kwa sauti wala uweke maua. Andika tu majina ya miji yasomeke kutoka mbali, dereva mgeni asisimame. Na anayetoka mbali umweke juu, kama Bandulia.

Nawasikia langoni. Mama yako anamwambia mtu kwamba viatu vimepatikana lakini vinabana, na wewe unacheka kile kicheko cha kuvuta pumzi. Nitakunja barua hii niiweke katika mfuko wa suruali ya ovaroli, si ule wa kifua, usije ukavuta uzi ukiitafuta.

Sitakuuliza kamwe kama ulivuta. Ukirudi mwisho wa mvua, utaivua hiyo ovaroli na mama yako ataitia kwenye beseni, nami nitasema nipeni niikague mishono kwanza. Nitaingiza kidole nyuma ya mfuko. Msamehe mzee wako kwa hilo. Kwa mbele, kifuani, nitakuwa nimeshaona kama jina lipo. Lakini nitataka kuligusa hilo fundo, nijue kama bado limefungwa kama nilivyolifunga leo.

Baba yako